INJINI YA DIZELI IZIMAPO GHAFULA
Somo kwa wenye magari, madereva na mafundi wanafunzi

Injini ya dizeli husifiwa kwa uvumilivu wake. Hupanda milima na mzigo mzito, hunywa mafuta kidogo kuliko injini ya petroli ya ukubwa ule ule, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kwa sababu hiyo mwenyewe huitumaini, na siku inapomzimikia njiani bila ya ishara yo yote hufadhaika sana. Ajabu zaidi ni kwamba mara nyingi injini hiyo, baada ya kupumzishwa nusu saa, huwaka tena kama kwamba haikupatwa na neno. Hapo ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Fundi mmoja husema, "Ni pampu". Wa pili husema, "Ni nozeli". Naye mwenye gari hununua kitu baada ya kitu, na maradhi yenyewe yangali pale pale.

Somo la juma hili lataka kuonyesha njia nyingine. Maradhi haya yana sababu, na kila sababu huacha alama yake. Mtu azijuaye alama hizo aweza kuigundua kwa taa ndogo, kipande cha mpira upenyao nuru, na daftari, kabla hajanunua cho chote.

KWANZA, MAISHA YA WATU

Kabla ya kuulizana sababu, ni lazima dereva ajue la kufanya injini inapozima gari likiwa katika mwendo. Katika magari mengi nguvu za kusaidia breki na usukani hutoka katika injini. Injini ikizima, usukani huwa mzito mara moja. Breki hubaki na akiba ya msaada kwa kukanyaga mara moja au mbili tu. Baadaye kanyagio huwa gumu, ijapokuwa breki zenyewe zingali zafanya kazi kwa mtu akazaye mguu kwa nguvu.

Basi usikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia. Kanyaga mara moja, kwa uthabiti, wala usiachie mpaka gari limesimama. Shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za tahadhari, na ulipeleke gari kando ya njia lingali na mwendo. Usiuchomoe ufunguo kamwe gari likiwa latembea, kwani magari mengi hujifunga usukani ufunguo utokapo. Likiisha simama, vuta breki ya mkono, weka pembetatu za kuonya mbele na nyuma, na uwaondoe abiria barabarani.

Gari ambalo limezima hivyo hata mara moja tu lisichukue watu tena mpaka sababu imejulikana. Lililozima leo mahali pa tambarare laweza kuzima kesho kwenye mteremko wenye kona.

KILE KIZIMACHO DIZELI

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuonyesha injini yake ikifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Jambo kubwa aliloligundua ni kwamba mafuta yaweza kuwaka bila ya cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka nafasi yake imepungua mara 16 hata 22, na hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa zaidi ya digrii 500 za Sentigredi. Mafuta yakinyunyizwa katika hewa hiyo huwaka yenyewe.

Sasa tazama tofauti. Injini ya petroli huzimwa kwa kukata cheche. Dizeli haina cheche ya kukatwa. Huzimwa kwa kukata mafuta. Neno hili ndilo ufunguo wa somo zima. Maana yake ni kwamba injini nzima ya dizeli ikizima ghafula, karibu kila mara kuna kitu kilichoyazuia mafuta yasifike katika silinda. Nacho chaweza kuzuia kwa njia mbili. Ama njia ya mafuta yenyewe imeziba, imeingia hewa au imeingia maji. Ama umeme ulioshikilia mlango wa mafuta umekatika.

Ndiyo, umeme. Watu wengi hudhani kwamba dizeli haihitaji umeme ikiisha waka. Walakini katika pampu za magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 kuna kizibo kidogo kinachofunguliwa kwa nguvu za betri, ambacho mafundi hukiita solenoidi. Ufunguo ukiwashwa, kizibo hufunguka. Ufunguo ukizimwa, kizibo huyafunga mafuta na injini hufa. Waya mmoja ukilegea, kizibo hakitambui kama ni mkono wa dereva au ni waya uliolegea. Hufunga tu.

MASWALI MATATU KABLA YA KUSHIKA SPANA

Swali la kwanza: injini ilizima namna gani? Ikizima kwa ghafula kama taa iliyopulizwa, shuku umeme kwanza. Ikiwa ilitetemeka, ikakosa nguvu, ikakohoa kidogo ndipo ikafa, shuku mafuta. Dereva aseme alichokiona na kukisikia, si alichokidhani.

Swali la pili: stata huizungusha vipi? Ikiwa injini haizunguki kabisa, acha. Tazama kwanza maji na mafuta ya kulainisha, kwani huenda imeshikana kwa joto au kwa kukosa mafuta hayo, na kuilazimisha ni kuivunja. Ikiwa yazunguka kwa wepesi na kwa kasi isiyo ya kawaida, acha pia. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila mzunguko wa stata waweza kuzigonganisha vali na pistoni. Ikiwa yazunguka kama siku zote ila haiwaki, endelea na somo hili.

Swali la tatu: huwaka tena baada ya muda gani? Ikiwaka papo hapo, huenda ni waya uliolegea uliotikiswa na shimo la barabara. Ikiwaka baada ya dakika ishirini au thelathini, kuna mambo mawili: ama kitu kilichopata joto kimepoa, ama takataka iliyovutwa kwenye bomba imeanguka. Ikiwaka tu baada ya kupigwa pampu ya mkono mara nyingi, hewa imeingia.

Andika majibu katika daftari kila mara gari lizimapo: saa, mwendo, mlima au mteremko, kiasi cha mafuta tangini, joto la injini, mvua au jua. Baada ya mara tatu daftari litasema mengi kuliko mafundi watatu.

TAA NDOGO YA KUAMUA

Kwa gari la zamani lenye pampu ya solenoidi kuna njia rahisi ya kuamua kati ya umeme na mafuta. Chukua taa ndogo ya volti 12, ya namna ile iwekwayo kwenye dashibodi. Unga waya wake mmoja kwenye waya uendao kwenye solenoidi, ukitia fyuzi ndogo kati yao. Waya wa pili unga kwenye bodi ya gari. Ipitishe taa mpaka ndani, mahali ambapo mtu aketiye kando ya dereva ataiona. Nyaya zifungwe mbali na feni na bomba la moshi.

Ufunguo ukiwashwa, taa huwaka. Sasa gari liendeshwe bila abiria, katika barabara isiyo na magari mengi, mpaka injini izime. Msaidizi asiondoe macho kwenye taa. Taa ikizima pamoja na injini, umeme ndio uliokatika. Taa ikiendelea kuwaka na injini imekufa, nyaya hazina hatia. Umebakiwa na kizibo chenyewe na njia ya mafuta. Kwa taa hiyo moja umepunguza kazi karibu nusu.

UKIWA UMEME NDIO MKOSA

Anza na vitu visivyo na gharama. Vua vichwa vya nyaya za betri, visugue mpaka ving'ae, uvikaze. Fuata waya mnene utokao betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, utazame kutu. Tazama fyuzi na mahali pake. Fyuzi nzima katika nafasi iliyolegea ni sawa na fyuzi iliyokatika. Kisha, gari likiwa limesimama na injini inanguruma, utikise polepole ufunguo ndani ya swichi yake. Injini ikizima, swichi imechakaa. Mara nyingi sababu ni rundo zito la funguo linaloning'inia hapo mwaka baada ya mwaka.

Baada ya hayo, tafuta vitu vilivyoongezwa gari likiisha toka kiwandani. Katika nchi yetu magari mengi yametiwa vifaa vya kuzuia wizi, na kazi ya vifaa hivyo ni hiyo hiyo ya kukata umeme wa mafuta. Waya wa solenoidi hukatwa, ukaungwa kupitia swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, na pengine kiungo chenyewe kimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe tu. Kiungo kama hicho hulegea kwa joto na mtikisiko.

Magari ya abiria na malori yana kitu kingine cha kutazamwa. Kanuni zilizotangazwa Kenya mwaka 2003, na kuanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliyataka yawe na vidhibiti-mwendo visivyoyaacha kupita kilomita 80 kwa saa. Vidhibiti vingi hufanya kazi kwa kupunguza au kukata mafuta. Kifaa kikiharibika, au nyaya zake zikiungwa vibaya, chaweza kukata mafuta hata kabla ya mwendo huo kufikiwa. Lakini usikiondoe. Ni kuvunja sheria, tena ni kuwahatarisha abiria. Kipeleke kwa wale wenye idhini ya kukikagua.

YAKIWA MAFUTA NDIYO YALIYOPOTEA

Hapa fuata njia ya mafuta kutoka tangini mpaka kwenye pampu, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

1. Tangi. Hakikisha mafuta yamo. Geji yaweza kusema uwongo. Injini ikizima, fungua kifuniko. Hewa ikiingia kwa mvumo mkubwa na injini ikawaka mara, tundu la kupumulia limeziba. Mafuta yalivyopungua, hewa haikuingia kuchukua nafasi yake, pampu ikashindwa kuvuta.

2. Maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Legeza skrubu iliyo chini ya chujio na ukinge katika chupa safi. Iache chupa dakika kumi. Maji yakiwamo, yataonekana chini kama tabaka lililojitenga.

3. Chujio, yaani filta. Likiwa halijulikani lilibadilishwa lini, libadilishe. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika njia hii. Walakini likate la zamani ulitazame. Utelezi mweusi au kutu ndani yake ni barua kutoka tangini.

4. Pampu ya mkono, ambayo katika magari mengi iko juu ya chujio. Mara tu injini inapozima, ibonyeze. Ikiwa ngumu, mafuta yamejaa hapo. Ikiwa laini mpaka ubonyeze mara nyingi, hewa imeingia. Ikivutwa chini wala isirudi juu, kuna kizuizi kati yake na tangi.

5. Hewa. Weka kipande cha mpira upenyao nuru, wa kustahimili dizeli, kati ya chujio na pampu kubwa. Viputo vichache wakati wa kuwasha si neno. Mfululizo wa viputo injini ikinguruma ni ugonjwa. Jua ya kwamba palipo na mvuto hewa huingia bila ya mafuta kutoka. Kwa hiyo usitafute matone tu. Tazama mipira iliyopasuka na vifungo vilivyolegea.

6. Kitungi. Yote yakishindwa, yapatie mafuta njia mpya. Weka kitungi cha dizeli safi mahali palipoinuka na penye uthabiti, unga mpira kutoka kwacho mpaka kwenye pampu kupitia chujio, na mpira wa mafuta yanayorudi uuelekeze humo humo. Jaribio hili ni la gari lililosimama tu, wala moto usisogezwe karibu. Injini ikinguruma saa nzima bila kuzima, hali kwa mafuta ya tangini huzima hata ikisimama, kosa liko nyuma, kati ya tangi na chujio. Ikizima hata hivyo, ndipo pampu kubwa ipelekwe kwa fundi wa pampu, si kabla.

Pasahauliwe pia jambo la mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa ni mepesi, nayo hayalainishi pampu kama dizeli ifanyavyo. Pampu iliyozoeshwa mchanganyiko huo husagika ndani. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Dizeli ya rahisi iuzwayo kandokando ya njia katika mitungi isiyojulikana ilikotoka ni ghali kuliko zote.

MFANO

Tuseme mchuuzi wa Naivasha ana pikapu ya zamani ya Toyota Hilux, apelekayo kabichi Nairobi. Gari halina neno mpaka Mai Mahiu. Likiisha anza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, hukosa nguvu, hutetemeka, kisha huzima. Baada ya dakika ishirini huwaka, hupanda kidogo, huzima tena. Ameshauriwa anunue pampu.

Yeye aketi na daftari. Gari huzima mlimani, halizimi tambarare. Hutetemeka kwanza. Taa ndogo haikuzima. Mpira upenyao nuru hauna viputo. Kifuniko kikifunguliwa hakuna badiliko. Pampu ya mkono huvutwa chini wala hairudi. Je, amebakiwa na nini? Kizuizi kati ya chujio na tangi. Alitoa bomba la ndani ya tangi, akakuta kipande cha karatasi ya plastiki kimeng'ang'ania wavu wa mdomo wake. Mlimani injini ilivuta mafuta mengi, na mvuto ukakibana kipande hicho. Injini ilipozima, mvuto ukaisha, nacho kikaelea mbali. Ndiyo sababu ya zile dakika ishirini. Pampu mpya isingaliondoa plastiki ile.

MAGARI YA SIKU HIZI

Tangu mwaka 1997 magari madogo ya dizeli yalianza kuuzwa yenye mtambo wa namna nyingine. Bomba moja nene huhifadhi mafuta kwa kani kubwa kwa ajili ya nozeli zote, na kompyuta ndiyo iamuayo kila tone linyunyizwe lini. Kani hiyo yafika mara elfu moja na mia kadhaa ya kani ya hewa, na katika mitambo mipya hupita mara elfu mbili.

Kwa hiyo lile zoea la kulegeza mabomba ya nozeli injini ikizunguka ni marufuku hapa. Mafuta ya kani hiyo hupenya ngozi kama sindano. Aliyepatwa aende hospitali mara moja, hata kama jeraha ni tundu dogo lisiloumiza, kwani bila ya kupasuliwa mapema aweza kupoteza kidole au mkono.

Katika magari haya mkosa wa mara kwa mara ni kipima-mzunguko, ambacho mafundi hukiita sensa ya kranki. Hicho huiambia kompyuta kwamba injini yazunguka. Kikikatika ndani kwa sababu ya joto, kompyuta hudhani injini imesimama, nayo huyafunga mafuta papo hapo. Kikipoa, mambo hurudi. Mara nyingi ishara yake ni mshale wa mizunguko kuanguka hadi sufuri kwa ghafula gari likiwa bado lasukumwa na mwendo wake katika gia.

Mwambie fundi asome namba za makosa kwa mashine kabla ya kuondoa waya wa betri, maana katika magari mengi kuuondoa hufuta ushahidi. P0335 huelekeza kwenye kipima-mzunguko na nyaya zake. P0087 husema kani ya mafuta imepungua mno. Lakini namba huonyesha nyumba, haimtaji mwizi. P0087 yaweza kuletwa na pampu ya bei kubwa, nayo yaweza kuletwa na chujio lililoziba. Hapo rudi katika zile hatua za mwanzo.

KUZUIA

Toa maji katika chujio kila mwezi. Badilisha chujio kwa kufuata kitabu cha gari. Usiache tangi likae karibu tupu usiku, kwani hewa iliyo ndani yake huacha umande. Taa ya mkanda wa taimingi ikiwaka, mkanda ubadilishwe, taa isizimwe tu. Na kila kitu kiungwacho katika nyaya za gari kiungwe na fundi ajuaye kazi, nawe uandike mahali kilipofichwa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Dizeli huzimwaje, na kwa nini jibu hilo ni msingi wa uchunguzi wote?
2. Injini ikizima na stata ikaizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, dereva afanye nini?
3. Taa ndogo imeendelea kuwaka injini ilipokufa. Utaanza kutafuta wapi?
4. Kwa nini hewa yaweza kuingia mahali ambapo mafuta hayavuji?
5. Gari la jirani yako huzima mlimani, naye ametoka kununua pampu ambayo bado haijafungwa. Ungemwambia atazame nini kwanza?

Atakayelijibu vema swali la tano amelifahamu somo.